Hilux ya kabureta inasita ukikanyaga mafuta: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Toyota Hilux za petroli za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 bado zipo kazini. Zinabeba mchanga, magunia ya mahindi, vyuma chakavu na ng'ombe wa mnada. Nyingi zina injini ya 22R: silinda nne, cc 2,366, kabureta moja (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yenye koo mbili, kemshafti (shafti inayofungua valvu) juu ya hedi ikizungushwa na cheni. Ni injini ngumu kufa, na karibu kila kitu chake kinapimika kwa vifaa vya kawaida. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata injini hiyo. Ukiwa na injini ya 2Y au 3Y utaratibu kwa sehemu kubwa ni ule ule, ila vipimo vya namba utafute vya injini yako.

Lalamiko ni lile lile kila siku: unakanyaga mafuta, gari linakata pumzi kwanza, halafu ndipo linaondoka. Au linaondoka vizuri lakini likikuta mlima linaanza kuvuta kwa mikupuo. Mwenye gari anapelekwa moja kwa moja kwenye kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa, na tatizo linabaki palepale, sasa likiwa na jeti (kijitundu cha kupimia petroli) iliyokwaruzwa na gasketi iliyochanika. Mimi nasisitiza kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa. Umeme dhaifu, hewa inayovutwa pasipotakiwa na petroli isiyofika vyote huleta dalili za kabureta mbovu, na vyote vitatu hukaguliwa bila kuigusa kabureta yenyewe.

Kwanza jibu swali la lini

Kabla ya kufungua boneti, endesha gari barabara unayoijua, mzigo ukiwa kama wa kawaida, na uandike kwenye karatasi. Linasita injini ikiwa baridi tu, au ikipata moto? Linasita pale mguu unapogusa pedali, au ukiwa umekanyaga kwa muda? Likiwa silensa, yaani linazunguka bila kukanyagwa, limetulia au linatetemeka?

Likikata pumzi mara moja tu pale unapokanyaga, kisha likaendelea vizuri, wa kushukiwa ni pampu ya eksileta ndani ya kabureta, adivansi ya vakyumu (kifaa kinachowahisha cheche kwa mvuto wa hewa) kwenye distribyuta (kigawa umeme wa plagi), au mahali panapovuta hewa. Likienda vizuri mjini lakini likachoka mlimani au kwenye mwendo mkubwa, fikiria petroli haifiki ya kutosha. Likimisi, yaani likiruka mapigo, wakati wote, silensa na barabarani, angalia plagi na waya zake, kisha valvu. Likisita baada ya saa nzima ya safari jua likiwa kali, halafu likapona lenyewe baada ya kupumzika, kuna kitu kinachochoka kwa joto: koili (inayokuza umeme wa cheche), ignaita (swichi ya kielektroniki ya koili), au petroli inayogeuka mvuke kabla ya kufika.

Sikiliza pia sauti. Likikohoa kupitia kabureta, mara nyingi mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, au valvu ya kuingiza haifungi sawasawa. Likitoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, mambo ni kinyume.

Usisahau mwinuko wa mahali. Shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kabureta iliyotegwa Dar es Salaam ikifika Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, inapata hewa pungufu kwa petroli ile ile, na gari linakuwa zito na plagi zinashika masizi. Halina ugonjwa, limetoka pwani tu. Lakini likianza kuchoka katikati ya mlima Kitonga huku moshi ukiwa safi, hilo ni jambo jingine, na tutalifikia kwenye sehemu ya petroli.

Ondoa yale yanayosingiziwa injini

Hii ni kazi ya dakika chache. Weka gia kubwa ukiwa kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta: resi (mizunguko ya injini) zikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki inashika. Weka mkono nyuma ya bomba la ekzosi injini ikiwa silensa usikie kama moshi unatoka kwa nguvu na kwa mpigo sawa. Ekzosi iliyobonyea chini kwa jiwe inaweza kulinyima gari pumzi kabisa.

Plagi zitoe ushahidi

Zima injini ikiwa imetoka kufanya kazi barabarani, si ikiwa imekaa silensa muda mrefu, maana silensa hupaka plagi zote masizi. Puliza vumbi kwenye vishimo kabla ya kufungua, la sivyo mchanga unaingia kwenye silinda. Chomoa waya kwa kushika kifuniko chake, usivute waya wenyewe. Panga plagi mezani kwa namba, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa rejeta.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeupe kama chaki, na pembe zimeungua: mchanganyiko una petroli kidogo au taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, imekosewa. Nyeusi kavu: petroli nyingi, filta ya hewa imeziba, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye mafuta ya injini: mafuta yanapita kwenye ringi au sili za valvu. Plagi nne zikifanana, tatizo ni la injini nzima, yaani mafuta, hewa au taimingi. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo tu, na hapo umeokoa nusu ya kazi.

Mwanya wa plagi za 22R ni milimita 0.8. Upime kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya). Jicho lisiaminiwe hapa. Na uwe mkali unaponunua plagi, kwa sababu feki zimejaa madukani: maandishi yaliyofifia kwenye kauri, nyuzi zilizokatwa vibaya, boksi zuri lenye plagi nyepesi ndani. Plagi asili iliyotumika na kusafishwa ni bora kuliko feki mpya.

Umeme

Subiri giza liingie, washa gari na ufungue boneti bila taa. Waya za plagi zikivuja utaona vicheche vya bluu vinaruka kuelekea kwenye chuma. Nyunyizia maji kidogo juu ya waya na kifuniko cha distribyuta kwa chupa ya kupulizia. Gari likianza kumisi papo hapo, umeshapata. Mchana tumia mita ya umeme: kila waya wa plagi usizidi kiloomu 25 kutoka ncha hadi ncha. Waya ukikaribia hapo, na wenzake wakisoma 8 au 10, ubadilishe.

Fungua kifuniko cha distribyuta. Tafuta ufa mwembamba kama unywele, wenye mstari mweusi ndani yake. Huo ni mkaa ulioachwa na cheche iliyopita njia isiyo yake. Kagua kijiti cha kaboni katikati, kiwe kinarudi kwa springi. Rota isiwe imeungua nchani. Unaporudisha waya, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Gari lililobadilishiwa waya mbili mahali huwaka, lakini hutetemeka na kukohoa vibaya.

Distribyuta ya plati (swichi ya kugusana), kama kwenye injini za R za zamani zaidi, ina mwanya wa milimita 0.45 plati zikiwa wazi kabisa. Nyingi za 22R hazina plati. Zina pikapu koili (kihisi chenye sumaku) na ignaita, na mwanya kati ya pikapu na jino la rota yake ni kati ya milimita 0.2 na 0.4. Upime kwa fila geji ya shaba au plastiki, kwa sababu ya chuma inavutwa na sumaku na kukudanganya.

Kutafuta silinda iliyolala, chomoa waya mmoja mmoja injini ikiwa silensa, kwa koleo yenye mpira, na uiguse ncha ya waya kwenye chuma cha injini mara moja. Kwenye mfumo wa ignaita waya usiachwe ukining'inia hewani, utaua koili. Silinda ambayo ukiichomoa resi hazishuki, ndiyo haifanyi kazi.

Taimingi na adivansi zake

Hapa ndipo kusita kwingi kunapojificha, na ndipo mafundi wengi wanaparuka. Cheche inatakiwa iwahi zaidi resi zinapoongezeka na mzigo unapobadilika. Distribyuta ina njia mbili za kuiwahisha. Ya kwanza ni vizito na springi chini ya sahani: shika rota, izungushe kwa vidole kuelekea upande inaozungukia, iachie. Irudi yenyewe haraka. Ikirudi kivivu au ikibaki ilipo, vizito vimeshika kutu au grisi imekauka.

Ya pili ni kile kikopo cha vakyumu ubavuni. Chomoa hosi yake upande wa kabureta, ifute, ivute kwa mdomo huku mwenzako akitazama ndani ya distribyuta. Sahani lazima isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki hapo. Ukiweza kuvuta hewa bila mwisho, ngozi ya ndani imepasuka. Hapo umepata vitu viwili kwa mpigo: adivansi haifanyi kazi, na injini inavuta hewa kupitia hapo.

Ndipo sasa utege taimingi. Injini ikiwa ya moto, chomoa hosi ya vakyumu na uizibe, unganisha taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya kwanza, mulika alama za puli ya krenki. Digrii za kutega zinatofautiana kati ya 22R za soko moja na nyingine, kwa hiyo fuata kibandiko kilicho chini ya boneti au kitabu cha gari lako. Usinakili za gari la jirani. Kisha piga resi polepole ukimulika: alama isogee mfululizo, isirukeruke. Ikiruka huku na huku, shafti ya distribyuta imelegea au cheni ya taimingi imechoka.

Hewa inayovutwa pasipotakiwa

Barabara za makorongo hulegeza nati za kabureta na manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda). Zikaze kwanza, kwa zamu na kwa kiasi, maana ukikaza upande mmoja sana unapinda kitako cha kabureta. Chini ya kabureta kuna kipande kinene cha plastiki ngumu kinachozuia joto. Kikipata ufa, gari husita na silensa haitulii kamwe.

Chukua kipande cha hosi cha mita moja, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe taratibu kuzunguka kitako cha kabureta, maungio ya manifoldi na kila kihosi. Mahali panapovuja panatoa mluzi unaousikia wazi. Pia bana hosi ya busta ya breki kwa koleo yenye kitambaa: silensa ikibadilika na kutulia, busta au hosi yake inavuja. Wapo wanaonyunyizia petroli kusikiliza resi zikipanda. Tafadhali usifanye hivyo juu ya ekzosi ya moto. Maji ya sabuni kwa brashi yanakupa jibu lile lile bila kuunguza gari.

Ukipata geji ya vakyumu, iunganishe kwenye manifoldi. Usawa wa bahari injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa silensa, sindano imetulia. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza karibu inchi moja, hivyo 14 kule Iringa si ugonjwa. Sindano iliyotulia lakini chini sana inaonyesha taimingi iliyochelewa au uvujaji. Sindano inayodunda kwa mpigo sawa inakuelekeza kwenye valvu. Shikilia resi 2,500: sindano ikishuka polepole bila kurudi, ekzosi imeziba.

Petroli, kutoka tangi hadi kabureta

Fanya kazi hii nje, hakuna sigara wala jiko karibu, kizima moto au ndoo ya mchanga iwe pembeni.

Anza na mfuniko wa tangi. Gari likianza kuchoka njiani, simama, fungua mfuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likapona, kipumulio kimeziba kwa vumbi na pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya tangi lisilopumua.

Kisha petroli yenyewe. Toa kidogo kwenye chupa safi ya glasi, iache itulie. Maji hukaa chini, kutu huonekana. Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha doa, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Petroli ya namna hiyo haiwaki kwa wakati wake, gari hugonga na kusita, na hakuna utegaji wa kabureta utakaoiponya.

Badilisha filta ya petroli kama hujui iliwekwa lini. Ni rahisi kuliko muda wa kuijadili. Kagua hosi za mpira kati ya tangi na pampu. Upande huu pampu inavuta, kwa hiyo hosi yenye nyufa inaweza isidondoshe hata tone nje, lakini ikaingiza hewa ndani.

Pampu ya 22R ni ya mkono, imefungwa mbele ya hedi na kusukumwa na kemshafti. Kuipima, chomoa soketi ndogo ya umeme wa koili ili gari lisiwake, toa hosi inayoingia kwenye kabureta, itie kwenye chupa, mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Petroli iruke kwa mipigo yenye nguvu, bila mapovu. Ikidondoka kinyonge, na filta ni mpya, chomoa hosi ya kuingiza na uipe pampu petroli kutoka kwenye galoni safi. Ikipona, tatizo liko nyuma, kwenye bomba au chujio la ndani ya tangi. Isipopona, pampu imekwisha. Gari linalokata likiwa la moto tu, funga kitambaa kilicholowa maji kwenye pampu pale linapokata. Likirudi, petroli ilikuwa inageuka mvuke, kwa hiyo kagua kama bomba limesogea karibu na ekzosi.

Sasa kabureta

Bado hufungui. Kabureta ya 22R ina kidirisha cha kioo mbele. Gari likiwa sehemu tambarare na silensa, petroli ionekane usawa wa katikati. Ikiwa chini, flota (boya la ndani) imetegwa vibaya au sindano yake imeziba. Ikiwa juu, sindano haifungi.

Zima injini, toa mfuniko wa filta ya hewa, mulika tochi kwenye koo la kwanza na uvute waya wa pedali ya mafuta kwa mkono. Lazima uone mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka palepale, wenye nguvu, na uendelee kidogo baada ya kufungua. Ukichelewa hata kidogo, au ukiwa ni matone, umepata chanzo cha lile kukata pumzi kwa mwanzo: pampu ya eksileta. Pistoni yake ndogo ina mdomo wa mpira au ngozi unaokauka na kusinyaa, na chini yake kuna kijipira cha chuma kinachoganda. Seti ya matengenezo ya kabureta ina hiyo pistoni.

Angalia pia choki, iwe wazi kabisa injini ikiwa ya moto. Kisha mwombe mtu akanyage pedali hadi mwisho ukiwa unatazama: koo la kwanza lifunguke kabisa. Waya wa pedali uliorefuka huliacha limefungwa nusu, na mwenye gari analalamika kwamba halina nguvu.

Likibaki hilo tu la kufungua, piga picha kila hatua kwa simu, tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa jeti, na safisha kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Usipitishe waya kwenye jeti. Tundu lake limechongwa kwa vipimo, na mkwaruzo mdogo unabadilisha unywaji wa gari moja kwa moja.

Yote yakiwa safi, injini yenyewe

Tega tapeti (mwanya wa valvu) injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kuingiza, 0.30 kutoa. Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, tega za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutoa za 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, malizia zilizobaki. Tapeti iliyokaza sana haina kelele, ndiyo maana husahaulika, lakini huacha valvu wazi na kuiunguza.

Sikiliza cheni asubuhi injini ikiwa baridi. Mkwaruzo upande wa mbele kwa sekunde chache mara nyingi ni reli za plastiki zilizovunjika. Cheni iliyorefuka huchelewesha kemshafti, gari linakosa nguvu za chini, na ikiachwa hula kava la taimingi hadi kutoboa njia ya maji.

Mwisho ni kompresheni: plagi zote zitoke, injini ya moto, pedali imekanyagwa hadi chini, betri ikiwa na chaji. Kipimo cha injini mpya ni karibu psi 171, kiwango cha chini ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Ukipima Mbeya au Nairobi silinda zote zitasoma chini kidogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa ufungue injini kwa sababu ya namba peke yake zikiwa zinalingana. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Wenye Hilux za dizeli, 2L au 3L, utaratibu wenu ni mfupi. Ondoeni maji chini ya filta, badilisheni filta, kisha wekeni kipande cha hosi inayoonyesha ndani kabla ya pampu ya dizeli na mtazame mapovu injini ikiwaka. Mapovu yakionekana, kuna mahali panavuta hewa, na hapo pafuatwe hadi paonekane kabla mtu hajashawishika kupeleka pampu kutengenezwa.